Nilivyomjibia Arvella Barua ya Mahakama

Mdomo wangu ndio adui yangu wa karibu. Wiki iliyopita niliungama kwenye ukurasa huu ulivyomponza binti yangu. Leo naungama ulivyomponza rafiki yangu, na ya leo ndiyo mabaya zaidi.

Kwa aliyenikuta njiani: naitwa Odessa Pruitt, mjane wa mwaka wa kumi na moja, wa hapa Tarlton, Arkansas. Shule niliiacha darasa la sita. Binti yangu Nedra ana miaka arobaini na sita na anafanya kazi ofisini katika nyumba ya kutunzia wazee. Kazi yake ni kuangalia kwamba kila jambo pale linafuata kanuni za serikali. Ili apande cheo, anasomea shahada ya uzamili ya masomo ya sheria kwa njia ya mtandao, ile iliyotengenezwa kwa watu ambao si wanasheria. Darasa lake ni meza yangu ya chakula.

Wiki iliyopita nilieleza mtihani wake ulivyofutwa. Mtihani wa mtandaoni unalindwa kwa kamera, na sauti ya mtu mwingine haitakiwi kusikika. Mimi nilikuwa jikoni namwombea, na nikiomba huwa sinong'oni. Msimamizi akasikia mtu anasema, "Mpe majibu, Bwana, mpe majibu."

Basi.

Chuo kikampa nafasi ya pili, Ijumaa iliyofuata. Nikaapa kufunga mdomo. Niliufunga tangu Jumapili mpaka Jumatano.

Jumatano kanisani kwetu ni maombi na ushuhuda. Mchungaji Gaines akauliza nani ana neno. Akasimama kwanza Dada Lurleen, ambaye mwanawe ni daktari wa meno kule Memphis. Kwa miaka sita tumekuwa tukimshukuru Mungu kwa ajili ya yale meno. Alipoketi, nikajikuta mimi nimesimama.

Nilitaka kushukuru kwa ile nafasi ya pili tu, nikae. Lakini waliposema amina ya kwanza, utamu ukanipanda. Nikasema Bwana ameinua mwanasheria katika nyumba ya mjane. Jina la kozi ni refu, ndugu msomaji. Nililikatia pale palipokuwa patamu, na ile sehemu ya "kwa wasio wanasheria" nikaiacha mezani nyumbani.

Kanisa zima likaitikia. Shemasi mmoja akasema, sasa na sisi tuna mtu wetu. Nikakaa, nikajipepea, na sikumtazama Lurleen ila mara mbili tu.

Baada ya ibada Arvella Tims akanivuta kando. Mimi na Arvella tulipalilia pamba mstari mmoja tukiwa na miaka tisa. Hana siri nisiyoijua. Jioni ile alikuwa nayo moja, ameikunja ndani ya Biblia yake.

Ilikuwa samansi.

Baba yake Arvella aliacha ekari kumi na moja na nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, ila hakuacha wosia. Wazee wetu hawakuandika wosia. Kuandika wosia ilikuwa kama kuyakaribisha mauti yaje kukaa sebuleni, na tena karatasi za watu wetu weusi zilikuwa na tabia ya kupotea zikifika mahakamani. Kwa hiyo mtu akifa, ardhi inabaki ya wote: watoto, wajukuu, hata walio Chicago wasiojua mlango wa nyumba umeelekea wapi.

Mmoja wa hao wa Chicago, mpwa wa Arvella ambaye mara ya mwisho tulimwona akiwa na nepi, aliuza fungu lake kwa kampuni. Sasa kampuni ndiyo ikawa mwenzake Arvella katika ardhi ile. Ikaenda mahakamani kuomba ekari zote ziuzwe, na nyumba juu yake, kwa madai kwamba hazigawanyiki. Arvella alikuwa amepewa siku thelathini kujibu kwa maandishi. Zilibaki tisa.

"Jumatatu nina miadi na wale wanasheria wa bure," akaniambia. "Ila naogopa, Odessa. Watanikalisha pale waniulize maswali ya kisomi, nianze kutoka jasho kama mwizi."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, nenda dada yangu, nitakupeleka mwenyewe. Gari langu lilikuwa na mafuta.

Nikasema, "Uende kwa wageni kutafuta nini na Nedra yupo?"

Akanitazama kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Akauliza kama Nedra hatachukia kusumbuliwa. Nikamwambia atafurahi. Asubuhi yake Arvella akapiga simu, akafuta miadi.

Nyumbani nikaiweka ile samansi juu ya kompyuta ya Nedra. Binti yangu husoma karatasi kama fundi anavyosikiliza injini. Alipomaliza akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja.

"Mama, siwezi."

"Hata hujajaribu."

"Si suala la kujaribu. Mimi si wakili, na nikimaliza shahada hii bado sitakuwa wakili. Nasoma nielewe sheria za kazini kwangu. Nikimtungia mtu hati ya mahakama ni kosa la jinai. Walitufundisha hilo siku ya kwanza, na kila muhula wanatukumbusha."

Nikamuuliza ni elimu gani hiyo ya kumpa mtu macho kisha kumkataza kuona. Akacheka kicheko cha uchovu, akasema kuona anaruhusiwa, ila kumsemea mtu ndiko hakuruhusiwi. Kisha akanishika mkono, akaniagiza kama mtu anayemwagiza mtoto dukani: nimrudishie Arvella karatasi leo, aende kwa wale wa bure, asipitishe siku, na asitie sahihi kitu ambacho wakili hajakisoma.

Nikaitikia. Karatasi nikaitia kwenye mkoba. Ikalala humo.

Sikuwa mvivu, wala sikusahau. Niliona haya. Ningekwendaje kwa Arvella nikamwambie kwamba yule mwanasheria niliyemtangaza kanisani hayupo? Na Lurleen asikie? Nikajiambia mtihani wa Ijumaa ukipita, moyo wa Nedra utalainika.

Ijumaa wakati wa mtihani nilikwenda kukaa ndani ya gari, vioo nimepandisha, nikaombea humo. Jumamosi Nedra akaniuliza kama nimeirudisha ile karatasi.

"Hilo limekwisha, mwanangu," nikasema.

Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake katika jambo hili. Nilidhani utakaa peke yake.

Arvella alipiga simu kila siku Nedra akiwa kazini. Nikawa namwambia linashughulikiwa. Akataka kuongea na Nedra amshukuru. Nikasema Nedra ni mnyenyekevu, ukimshukuru unamharibia, mwache afanye kazi yake kimya. Arvella akasema kwa kweli mtoto yule kalelewa.

Jumatano iliyofuata, siku mbili kabla ya mwisho, hofu ya kweli ikaniingia. Nikawapigia wale wanasheria wa bure mimi mwenyewe. Msichana akanijibu kwa upole kwamba miadi ya Bi. Tims ilifutwa, nafasi yake kapewa mtu mwingine, na nafasi iliyopo ni ya wiki tatu mbele. Nikamwambia hatuna wiki tatu, tuna keshokutwa. Akasema pole, mama. Nikabaki nimeshika simu mpaka ikaanza kulia pi pi pi.

Ningeweza kumwendea Nedra hapo. Angenikasirikia, kisha angejua mlango upi wa kubisha. Hilo nalijua sasa. Siku ile niliona heri chochote kuliko binti yangu ajue kwamba nimemtazama machoni nikamdanganya.

Alhamisi, Nedra alipokwenda kazini, nikashusha mafaili yake kutoka rafuni. Nikaiweka samansi pembeni, nikaanza kutafuta karatasi inayofanana nayo. Sikuwa nasoma. Nilikuwa nalinganisha sura, kama mzazi anayemtafuta mwanawe kwenye picha ya darasa.

Nikaipata. Ilikuwa kazi ya nyumbani ya muhula uliopita, jibu la mahakamani katika kesi ya ardhi, kesi ya kubuni na mwanamke wa kubuni. Juu mwalimu alikuwa amempa A, akaandika, "Kazi safi." Nikasema asante Yesu. Kama mwalimu wa chuo kikuu amesema ni safi, mimi nani wa kukagua?

Nikakaa, nikanakili. Kurasa mbili, wino wa bluu, mwandiko wangu ulio bora. Kila palipokuwa na jina la yule mwanamke wa kubuni niliandika Arvella Tims, na jina la kampuni na namba ya kesi nikavitoa kwenye samansi. Maneno mafupi niliyaelewa. Marefu niliyachora tu, herufi kwa herufi. Mwalimu wetu Bi. Hargrove alitufunza hivyo: unanakili ubao wote, juu mpaka chini, na anayebakiza mstari anaitwa kuuandika mbele ya darasa. Kwa hiyo nikanakili mpaka mstari wa mwisho.

Mstari wa mwisho ulisema: Imeandaliwa na Nedra Pruitt.

Niliuona. Sitajificha, maana ukurasa huu ni wa kuungama. Niliuona, nikadhani unaipa karatasi uzito.

Ijumaa, siku ya mwisho, tukaenda mahakamani. Arvella akaweka karatasi juu ya boneti ya gari langu, akaanza kujipapasa mifukoni.

"Sikuja na miwani. Nisomee kidogo, Odessa, nisikie nimesema nini."

Nikamsomea palipoandikwa jina lake, nikasema ofisi iko karibu kufunga. Akatia sahihi. Karani akagonga mhuri bila kututazama. Pale ngazini Arvella akanikumbatia, akalia machozi ya shukrani. Kesho yake akaleta pai mbili za viazi vitamu, moja yangu, moja ya Nedra. Ile ya pili nilimwambia Nedra imetoka kwa akina mama wa kanisa. Akaila, akasifu.

Wiki nne zikapita shwari. Matokeo ya mtihani yakaja, Nedra amefaulu. Tarehe ya kesi ikaja kwa barua kwa Arvella, naye akaniambia mimi, nami sikumwambia mtu. Nilifikiri tutakwenda wawili, jaji atasoma ile kazi safi, tutarudi nyumbani.

Asubuhi ya kesi simu ya nyumbani ikalia. Nedra alikuwa na zamu ya mchana siku hiyo. Akaniwahi kuipokea. Akaamkia kwa heshima, akasikiliza sana. Kisha akaishikilia simu kifuani, akanigeukia.

"Mama, Bi. Arvella anauliza leo navaa rangi gani mahakamani. Yeye kavaa bluu. Angependa tufanane."

Nilikuwa nakoroga uji uliokwisha kuiva. Nikaendelea kuukoroga.

"Mama."

Nikamweleza yote. Sema nusu ya yote: kwamba karatasi sikuirudisha, kwamba miadi ilifutwa kwa ajili yangu, kwamba nilimsaidia Arvella kuandika maneno machache. Maneno hayo niliyatoa wapi, sikusema. Nilitarajia anifokee. Hakufoka. Alizima jiko, akaenda kuvaa, akarudi na funguo.

Ndani ya gari aliuliza kwanza, jibu liliingia ndani ya siku thelathini? Nikasema ndiyo, siku yenyewe. Akashusha pumzi. Akasema basi haijaharibika sana. Ilimradi Arvella amepinga ardhi isiuzwe, hata kwa maneno ya kitoto, jaji atamsikiliza.

"Amepinga, sivyo, Mama?"

Nikasema nadhani amepinga.

Tulichelewa kidogo. Arvella alikuwa amekaa peke yake kwenye meza ya mbele, gauni la bluu, kofia ya Jumapili. Alipomwona Nedra anaingia uso ukamng'aa. Akavuta kiti kilicho pembeni yake, akakipangusa kwa kiganja.

Nedra akasimama katikati ya njia. Kiti kile ni cha wakili. Akainamisha kichwa, akaja kukaa nami viti vya nyuma. Arvella akabaki ameshika kile kiti, akidhani bado anakuja.

Wakili wa kampuni, Bwana Whitlow, ni kijana mpole mwenye sauti ya mtu anayesoma matangazo ya msiba. Alimwambia Jaji Stroud, mama wa makamo mwenye nywele nyeupe, kwamba hawatachukua muda wa mahakama. Bi. Tims mwenyewe amekubali kwa maandishi kwamba ardhi haigawanyiki, na amekubali iuzwe. Anachodai ni fungu lake tu la mauzo, nalo kampuni haina ubishi.

"Nimekubali nini?" Arvella akauliza.

Jaji akamwambia Whitlow asome. Akasoma. Nilikuwa nayasikia maneno yale kwa mara ya kwanza, maana kunakili si kusoma. Yule mwanamke wa kubuni alikuwa anataka kuuza. Ndiyo ilikuwa kazi yenyewe waliyopewa chuoni: mtungie jibu mtu anayekubali ardhi iuzwe ila anataka fungu lake. Nedra aliitunga vizuri sana. Akapata A.

Na mimi nikaiuza nyumba ya Arvella kwa mwandiko mzuri.

Sentensi ya pili haijaisha, Nedra alishayatambua. Alikuwa kama mtu anayesikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye simu ya mtu mwingine.

"Mama," akanong'ona. "Faili langu."

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

Mbele kule Arvella alikuwa ameanza kumweleza jaji kwamba alizaliwa katika nyumba ile, kwamba mumewe alifia chumba cha mbele, na kama angetaka kuuza angeuza zamani wakati viungo vyake vinafaa kuhama. Hakuna aliyemkatiza. Lakini hakuna aliyeandika pia.

Nedra alikuwa ameshika kiti cha mbele yetu kwa mikono miwili. "Aseme anaomba kulifuta jibu hilo na kuandika jingine," akaninong'oneza. "Sentensi moja tu, Mama. Yupo hatua kumi kutoka hapa. Siwezi kumwambia, huo ni ushauri wa wakili."

Basi nikamwambia mimi. Nikasema kwa sauti, "Arvella, sema unaomba kulifuta." Askari wa mahakama akaninyooshea kidole, akasema neno jingine moja na nitakuwa nje. Arvella akageuka kunitazama, hakuelewa. Akaona Nedra yupo pembeni yangu, akatabasamu.

"Mheshimiwa, mimi hayo ya karatasi siyajui sana," akasema. "Aliandika wakili wangu. Yule pale, binti ya Odessa. Nedra."

Whitlow akasimama tena. Akasema, kwa masikitiko, kwamba jina hilo aliliona chini ya karatasi, akalitafuta kwenye orodha ya mawakili wa Arkansas, na halimo.

Jaji Stroud akaweka kalamu chini. Alimweleza Arvella taratibu, maneno mepesi, hata mimi wa darasa la sita nikaelewa yote.

"Bi. Tims, kama maneno haya ni yako, umeyatia sahihi, yanakufunga. Kama alikushauri na kukutungia mtu anayejifanya wakili, karatasi hii si kitu. Nitaitupa, nitakupa mwezi mmoja utafute wakili wa kweli. Lakini huyo mtu, jina lake litakwenda kwa mwendesha mashtaka leo."

Nikasimama. Askari akaja, jaji akamzuia kwa mkono. Nikasema ni mimi, Mheshimiwa. Nikaeleza yote, na safari hii nikaeleza yote kweli: ushuhuda, mkoba, rafu, wino wa bluu. Nikasema binti yangu alikataa tangu siku ya kwanza, na hakujua lolote mpaka leo asubuhi.

Jaji akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia. Akauliza kama nilimshauri Arvella akubali au akatae. Nikasema hapana, nilinakili tu, hata maana sikuijua.

Nikaona ananiamini. Nilidhani nimewaokoa wote wawili kwa pumzi moja.

"Basi wewe ulikuwa mkono tu," jaji akasema. "Kumwandikia rafiki kwa mkono si uwakili. Hukumshauri, hukumtungia. Karatasi inabaki kuwa ya aliyetia sahihi. Silifurahii hilo, Bi. Pruitt, lakini ndivyo lilivyo."

Whitlow akaanza kufunga faili lake.

Ilinichukua muda kuelewa. Nedra alielewa kabla jaji hajamaliza, ndiyo elimu yake. Ukweli wangu ulikuwa umemfungulia yeye, na umemfungia Arvella.

Nikasikia kiti kikilia pembeni yangu.

"Mheshimiwa, mama yangu ananikinga," Nedra akasema. "Bi. Arvella aliniletea samansi. Nikamshauri, nikamtungia jibu. Mama alinakili nilichompa."

Huyu ni Nedra ambaye kazini huandika ripoti mzee akipewa dawa dakika kumi nje ya saa. Nedra aliyenirudisha dukani mara mbili kwa sababu wamenizidishia ndizi. Alisimama pale akadanganya bila kupepesa macho, na alidanganya kwa ufundi, kila kitu mahali pake.

Jaji akamgeukia. Akamuuliza anasomea nini. Nedra akataja jina lote la kozi, hakulikata popote.

"Basi unajua kuliko wote humu ndani unachokisema," jaji akasema. "Chuo chako kitaarifiwa. Mwajiri wako pia."

"Najua, Mheshimiwa."

"Mama yako ananiambia hukujua kitu. Wewe unaniambia ulijua kila kitu. Karatasi ni moja." Akageuka kwa karani. "Waapishwe wote wawili. Mama kwanza."

Wakatupeleka mbele, mimi nikitangulia. Nikainua mkono wa kulia, nikaapa kusema kweli, kweli yote, na Mungu anisaidie. Nina miaka sabini na minne. Nimesema uongo mwingi mwezi huu kuliko maisha yangu yote, lakini sijawahi kuusema mkono ukiwa juu.

Nedra alikuwa nyuma yangu karibu kabisa. "Sema ndiyo, Mama," akanong'ona. "Mimi bado nina nguvu ya kuanza upya. Yeye hana."

Arvella naye alikuwa ameelewa sasa. Alivua kofia yake akaiweka mezani, na akawa ananitikisia kichwa, hapana, hapana, Odessa, usimtoe mtoto sadaka.

"Bi. Pruitt," jaji akasema. "Swali ni moja. Binti yako alimshauri Bi. Tims na kumtungia jibu hili?"

Nikisema ndiyo, nimemwapia Mungu uongo na kumtoa binti yangu. Nikisema hapana, ni kweli tupu, na Arvella hana nyumba. Nilingoja nipewe neno kutoka juu, kama nilivyopewa siku nilipomzika mume wangu. Sikupewa.

"Nahitaji jibu, mama."

Nikalitoa: hapana. Na wote wawili, Nedra nyuma yangu na Arvella mbele yangu, wakalia kwa pamoja.